Rambirambi Si Bima

Sisi watu wa Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa tuna sifa moja ambayo sina budi kuitaja kabla sijaanza kulalamika: tunajua kuzika. Msiba ukitokea Talatala asubuhi, hadi jioni kuni zimefika, ndizi zimefika, mchele umefika, na pengine ng'ombe amefungwa kwenye migomba akisubiri zamu yake. Hakuna anayebembelezwa kuja. Na katikati ya shughuli zote hizo huketi kijana mmoja mwenye daftari, ambaye kazi yake ni kuandika majina. Aliyetoa shilingi elfu kumi huandikwa. Aliyetoa mia tano huandikwa. Aliyeleta mkungu wa ndizi huandikwa, na mkungu wake huandikwa pia.

Nalisifu daftari hilo, kwa kuwa mimi ni mwalimu, na maisha yangu yote nimeishi kwa madaftari. Lakini nina swali. Kwa nini jina la mtu wa ziwani huandikwa kwa uangalifu namna hii anapochangia maziko ya mwenzake, na kumbe jina la marehemu mwenyewe halikuandikwa na mtu yeyote siku aliyopanda boti?

Naitoa hoja yangu mapema ili msomaji asinitafute. Nasema kwamba kila abiria anayesafiri juu ya maji ya ziwa hili, awe na tiketi ya meli au amelipa nauli ya boti la mbao, anastahili bima yenye jina lake. Kwamba wa kwanza kuigharimia ni mwenye chombo. Kwamba bima inayouzwa bila orodha ya abiria ni karatasi ya kufungia karanga. Na kwamba michango yetu ya msiba, pamoja na utu wake wote, haiwezi kushika nafasi ya bima hiyo. Rambirambi hutolewa kwa huruma. Fidia hudaiwa kwa haki. Mjane aliyepewa rambirambi hushukuru na kunyamaza. Mjane mwenye haki anaweza kuuliza, "Imebaki kiasi gani, na italipwa lini?"

Najua majibu yatakayonijia, maana nimeyasikia barazani kwa miaka mingi. La kwanza ni kwamba kukata bima kabla ya safari ni kujitakia mabaya. Mzee mwenzangu mmoja alinitania, "Mwalimu, mtu aliyekwisha kulipia kifo chake, ziwa litamkatalia vipi?" Watu walicheka, nami nikacheka, kwa kuwa alisema vizuri. Lakini mzee huyo huyo ana pikipiki, na pikipiki hiyo ina bima, kwa sababu askari wa barabarani humwuliza. Sijamsikia akisema kwamba bima ya pikipiki inamwitia ajali. Basi tusiisingizie mila. Tunachoogopa si uchuro, ni kutoa fedha mahali ambapo hakuna askari.

Jibu la pili hutoka kwa wacha Mungu, nao husema: "Bima yangu ni Mungu." Mimi nami nasali, na sina ugomvi na imani ya mtu. Naona tu kwamba juu ya paa la kanisa kuna chuma cha kuzuia radi, na mlangoni kuna kufuli, na sijasikia mzee wa kanisa akisema kufuli hilo ni dalili ya kukosa imani.

Sasa tuangalie jinsi sheria inavyomtazama mtu yule yule, kwanza akiwa nchi kavu na kisha akiwa majini. Toka Kyela mjini kwenda Matema kwa kupitia Ipinda. Chini ya Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, gari halipaswi kuwa barabarani bila angalau bima ya kumkinga mtu wa tatu. Dereva analijua hilo, kondakta analijua, na hata abiria anayelala njia nzima analijua. Gari linamshusha ufukweni. Abiria anavua viatu, anakunja suruali, anaingia kwenye boti lililojaa magunia, na tangu hapo hakuna anayemwuliza nahodha habari ya bima, wala jaketi okozi, wala idadi ya watu aliowapakia. Kana kwamba maji ni salama kuliko lami.

Si ajabu sana ukiijua asili ya jambo lenyewe. Bima ya majini ilizaliwa kwa ajili ya kulinda mali. Wafanyabiashara wa Genova waliandikiana mikataba ya aina hiyo tangu karne ya 14, na mwishoni mwa karne ya 17 wenye meli wa London walizoea kukutana katika duka la kahawa la Edward Lloyd kwa shughuli hiyo hiyo. Walichokikinga ni chombo na shehena. Mwaka 1781 mabaharia wa meli ya Uingereza iliyoitwa Zong waliwatupa baharini Waafrika zaidi ya 130 waliokuwa wakipelekwa utumwani, na wenye meli wakaenda kudai fidia ya bima kama watu wanaodai magunia yaliyolowa. Kesi ilisikilizwa London mwaka 1783. Kilichobishaniwa kilikuwa hasara ya mali. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji.

Nayakumbusha hayo kwa sababu ziwa letu nalo lilivusha watumwa kwa majahazi, na kwa sababu mazoea ya kuhesabu mali na kusahau mtu bado tunayo, ingawa leo hatuyafanyi kwa ukatili. Mtazame mama wa Kikisi anayetoka Ikombe kupeleka vyungu sokoni Lyulilo. Anavihesabu kimoja kimoja wakati wa kupakia, na anavihesabu tena wakati wa kushusha. Chungu kikipasuka, ugomvi wake husikika ufukwe mzima. Mama mwenyewe hakuhesabiwa na mtu.

Na ziwa hili si la kuchezea. Lina urefu wa kilometa zipatazo 580 na kina kinachofikia mita 700 hivi. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone imesimama juu ya maji kama ukuta, hata mahali pengine chombo kikipata shida hakuna ufukwe wa kukimbilia. Kati ya Mei na Agosti upepo wa mwera hupanda kutoka kusini na kuinua mawimbi yanayowanyamazisha wavuvi wazoefu. Tarehe 30 Julai 1946 meli iliyoitwa Vipya, ambayo bado ilikuwa mpya kama jina lake, ilizama upande ambao leo ni Malawi, na watu 145 wakafa. Anayedhani kwamba meli mpya haihitaji bima na aikumbuke hiyo.

Lakini kisa cha Vipya ni cha zamani. Tuchukue vya karibuni. Mv Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Meli ilikuwa na uwezo wa kubeba watu 430. Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa. Wa daraja la tatu, ambao ndio maskini zaidi, hawakuwa na orodha. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800, nasi bado tunasema "wanakadiriwa", na tutasema hivyo hadi mwisho wa dunia, kwa sababu hakuna aliyewaandika. Mv Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011. Hesabu ya kwanza ilitaja vifo vipatavyo 200; uchunguzi uliofuata uliipandisha idadi ya waliopotea hadi ikavuka 1,000. Mv Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ikiwa imepakia watu zaidi ya mara mbili ya uwezo wake, na zaidi ya 200 wakafa. Safari hiyo tiketi zilikuwepo. Ila mkata tiketi alikufa pamoja na abiria wake, na mashine yenye hesabu ikazama pamoja naye.

Msomaji, tafadhali lisome tena jambo hilo la mwisho. Orodha inayosafiri ndani ya chombo peke yake huzama na chombo. Mwalimu wa darasa la pili huita majina kila siku, watoto ambao hawakufanya lolote zaidi ya kuvuka barabara, na daftari la mahudhurio hubaki ofisini. Tumewezaje kukubali kwamba nahodha anayevusha watu mia moja juu ya kina cha mita mia kadhaa awe na wajibu mdogo kuliko mwalimu huyo?

Hapa ndipo bima na orodha zinapofungamana. Ziwa lenye kina hivyo halirudishi kila mwili. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mtu hudhaniwa amekufa ikiwa wale waliotazamiwa kupata habari zake hawakuzipata kwa miaka mitano. Miaka mitano! Mtoto aliyekuwa darasa la tatu baba yake alipopanda boti atakuwa amemaliza shule ya msingi. Familia ambayo jina la mtu wao limo katika orodha iliyobaki bandarini ina mahali pa kuanzia siku ya pili tu: huyu alipanda, chombo kilizama, hakuonekana. Familia isiyo na jina ina maneno ya jirani aliyemwona akielekea ufukweni na mfuko wa mchele. Hakuna kampuni ya bima, hata iwe na wakurugenzi wenye roho za malaika, itakayolipa kwa ushahidi wa mfuko wa mchele.

Wala wakurugenzi si malaika. Sisi wastaafu kumi na wawili tulipanga safari ya meli kutoka bandari ya Kiwira hadi Mbamba Bay na kurudi. Haikuwa safari ya biashara wala ya msiba. Tulitaka tu kuiona nchi ambayo wengi wetu tuliifundisha katika jiografia bila kuifikia. Akatujia wakala wa kampuni moja ya bima, ambayo jina lake haliongezi kitu katika hoja yangu. Alileta hati ya kurasa tisa, yote kwa Kiingereza, yenye herufi kama sisimizi. Niliisoma yote, kwa kuwa kusahihisha maandishi ya watu ndiyo kazi iliyonilea. Ukurasa wa sita ulisema kwamba bima haimhusu mtu aliyepita umri wa miaka 70. Katika sisi kumi na wawili, saba tulikuwa tumeupita. Nilipomwonyesha, kijana yule alitabasamu: "Mzee wangu, hayo ni maneno ya kampuni tu, msiwe na hofu." Nikamwambia kwamba kama ni maneno ya kampuni, basi kampuni ituandikie barua ya kuyafuta. Alikwenda kuitafuta barua hiyo, na hatukumwona tena. Ofisi nyingine, kule Mbeya, ilikubali umri wetu kwa maandishi, kwa ada iliyozidi kidogo, na ndiyo tuliyoichukua.

Sikitiko langu halikuwa juu yetu sisi wenye miwani. Nilimfikiria mkulima wa kokoa wa Ngonga au mvuvi wa Matema, aliyewekewa mbele kurasa tisa za lugha ambayo haisomi, akaambiwa atie sahihi hapa na dole gumba pale. Ada yake ingepokelewa siku hiyo hiyo, bila swali la umri. Swali la umri lingeulizwa siku ya madai. Huo mimi siuiti mkataba. Nauita mtego wenye mhuri. Kampuni inayochukua fedha kwa Kiswahili na ilazimike pia kutoa masharti kwa Kiswahili.

Kwa hiyo anayechagua bima ya safari ya majini asianze na ada. Aanze na maswali, nami nayataja kwa mpangilio, kama nilivyowazoeza walimu wanafunzi kupanga somo.

Kwanza, aulize nani ametajwa. Kuna bima ya chombo, inayomlipa mwenye meli. Kuna bima ya mizigo, inayomlipa mwenye shehena. Kuna bima ya dhima, inayomkinga mwenye meli anapodaiwa na walioumia. Na kuna bima ya ajali binafsi au ya safari, inayomlipa abiria mwenyewe au warithi wake. Bango la "chombo hiki kina bima" lililobandikwa ukutani halisemi ni ipi kati ya hizo.

Pili, safari inaanzia wapi na kuishia wapi. Katika vituo visivyo na gati, abiria hushushwa kutoka melini kwa mitumbwi. Kama bima inaishia kwenye ngazi ya meli, basi imekwisha pale pale hatari inapozidi. Aulize mtumbwi umo au haumo.

Tatu, haikingi nini. Umri, ugonjwa aliokuwa nao mtu kabla ya safari, dhoruba, chombo kisicho na leseni, chombo kilichozidisha uzito. Hili la uzito lina dhuluma ya pekee. Bima nyingi za vyombo humpa mtoaji bima nafasi ya kukataa kulipa endapo chombo kilizidishiwa mzigo au hakikustahili kusafiri. Maana yake ni kwamba kosa linaloua abiria wengi zaidi ndilo linaloweza kuwafungia warithi wao mlango. Abiria hakuzidisha uzito yeye. Alilipa nauli na kusimama alipoambiwa asimame.

Nne, aliyejeruhiwa atafikishwaje hospitali. Kadi ya bima ya afya ni kitu chema, nami ninayo, lakini kadi hiyo inakusubiri dirishani. Nani atamtoa mtu aliyevunjika paja kutoka kijiji kisicho na barabara chini ya milima ile hadi Matema, au hadi Hospitali ya Rufaa Mbeya?

Tano, madai hupelekwa wapi, kwa karatasi gani, ndani ya siku ngapi, na nani ameandikwa kuwa mnufaika. Na madai yakikataliwa bila haki, tujue kwamba iko Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Haijawekwa kwa ajili ya watu wa Dar es Salaam peke yao.

Nitaambiwa: "Mwalimu, hayo ni ya matajiri. Mtu wetu hana hata nauli." Ndiyo maana nilisema mwanzoni kwamba wa kwanza kuigharimia bima ni mwenye chombo. Wala sikuyabuni mimi. Itifaki ya mwaka 2002 ya Mkataba wa Athens, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inaitaka meli ya baharini inayosafiri baina ya nchi na nchi, yenye ruhusa ya kubeba abiria zaidi ya 12, iwe na bima kwa ajili ya kila abiria, na inampa abiria nafasi ya kumdai mtoaji bima moja kwa moja. Kanuni yake ni nyepesi: anayechukua nauli abebe dhima. Ikiwa kanuni hiyo inafaa bahari kuu, haishindwi kufaa Ziwa Nyasa. Gharama ikigawanywa kwa kila tiketi na kila nauli, kila mmoja atachangia kidogo kabla ya msiba, badala ya kuchangia kingi baada yake.

Na wasiniambie kwamba serikali zetu haziwezi kulazimisha bima ya safari. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar imemtaka kila mgeni kutoka nchi za nje akate bima ya safari kwa Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 za Marekani kwa mtu mzima. Silaumu hatua hiyo. Mgeni akiugua ni vizuri awe na wa kumlipia. Ila nauliza kama mwenyeji anayeuliza nyumbani kwake. Mgeni anayekuja kupiga picha ufukweni tumeona haja ya kumkinga kwa amri. Mwenyeji anayevushwa kila wiki na mahindi yake, yeye tumemwachia kijana wa daftari.

Ninayoyadai ni machache, na hayahitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Kila bandari, kila gati na kila ufukwe unaopakia abiria uwe na orodha ya majina, nakala moja ibaki nchi kavu kwa mtendaji wa kijiji au ofisa wa bandari. Leseni ya chombo cha abiria isitolewe pasipo bima ya dhima kwa abiria, na ithibitishwe kwa simu kama tunavyothibitisha ya magari. Kosa la nahodha lisimnyime abiria fidia: kampuni imlipe abiria kwanza, kisha ikamdai mwenye chombo. Na hati iandikwe kwa Kiswahili.

Kwa wastaafu wenzangu nina ombi la ziada. Tunayo miwani, tunayo nafasi, na wengi wetu tunakisoma Kiingereza kile cha sisimizi. Jirani akiletewa karatasi ya bima, tumsomee kabla hajaweka dole gumba.

Nawe msomaji, utakapofika ufukweni kwa safari yako ijayo, usitangulie kuuliza boti linaondoka saa ngapi. Uliza jina lako linaandikwa wapi, na nakala inabaki kwa nani. Watakuona msumbufu, kubali kuonwa hivyo. Na chombo ambacho hakina nafasi ya kuandika jina lako, kisipate nauli yako.